Jua Haliibi Chumvi

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Tudor.
Nimepiga magoti ukingoni mwa bwawa la Bi. Nuswaiba
kama mtu aliyeangusha pete.
Nazamisha kichupa, kiwiko nacho kinazama,
maana maji ya juu ni maneno ya barazani;
ya kweli yako chini kidogo, penye baridi.

Nachomeka ukanda. Nasubiri.
Kile kilele cheupe hupanda taratibu,
mstari kwa mstari,
nami hutazama kando, kwa adabu,
kama mtu aliyekuta mwenzake anahesabu pesa.

"Ngapi leo, Kitsao?"
Sauti yatoka dirisha la jikoni.
Daktari amempiga marufuku chumvi: presha.
Mchuzi wake siku hizi hauna hata punje,
lakini ya bwawa lazima aijue,
kila Alhamisi, pamoja na nukta yake.

Mbili nukta moja, Bi.
Gramu mbili na kidogo kwa lita,
na mashine yataka tatu na ushei;
ndiyo maana taa yake imekodoa jicho jekundu.

"Juzi tu ulitia magunia mawili!"
Nilitia. Na mwezi uliopita nilitia.
Mgongo wangu ni shahidi.

Mimi mtoto wa Gongoni.
Baba alikokota chumvi kwa reki ya mbao,
nyayo zikampasuka,
usiku mama akizijaza mafuta ya nazi
naye akiuma ncha ya shuka.
Shule hakuiona, ila hili alinipa:
jua huiba maji, haliibi chumvi.
Liache liwake, maji yote yaende zake,
chumvi utaikuta palepale, imekaa, yakungoja.

Mvua haijagusa paa hili tangu mwezi wa sita.
Na hakuna aogeleaye.
Marehemu Bwana Badi ndiye aliyekata maji kabla ya adhana,
mara kumi kwenda, mara kumi kurudi;
taulo yake ingali msumarini,
imekakamaa kama ngozi ya ngoma.
Wajukuu wako Leicester.
Basi chumvi yaenda wapi?

Nazunguka nikigonga vigae kwa kifundo cha kidole.
Cha tisa kutoka ngazini kinaitika kitupu.
Naufuata unyevu kwa macho, chini ya ukuta,
hadi kwenye mlimau.

Mlimau huu una kesi.
Tangu Ramadhani majani yaungua pembeni,
kahawia, kama karatasi iliyookolewa jikoni.
Bi. Nuswaiba alikwisha kuhukumu: kijicho cha Zuwena,
jirani, aliyeyasifu malimau bila kusema mashaallah.
Hawasalimiani.
Sahani ya Idi ilirudi imejaa vilevile ilivyokwenda.

Nachota udongo wa shinani, nautia kichupani,
namimina maji ya chupa, natikisa, nauacha utuame.
Ukanda wa pili.
Kilele kinapanda. Kinapanda.
Hata mimi natamani kisimame.

Bi amekuja mwenyewe, leso begani, miwani puani.
"Soma."
Nasoma.
Ainama, achukua tone la udongo kwa kidole,
aligusisha ulimi, yeye aliyekatazwa,
na kufumba macho.
Aliyekula chumvi nyingi hana haja ya ukanda.

"Ni Badi," asema.
Nguruma ya mashine, kisha tena:
"Badi aunywesha mlimau wake."

Sikujua kama nicheke.
Yeye alicheka kidogo, akakohoa,
akaangalia ukuta wa Zuwena
ulivyo mfupi, kumbe, ukisimama karibu.
Akatafuta katikati ya majani, akapata malimau matatu,
madogo, magumu, akayafunga kwenye pindo la leso.
"Gunia usifungue leo," akasema. "Na ukitoka,
pitia hapo... ukamwambie..."
Hakumaliza. Alivaa ndala, akaenda mwenyewe.

Nikaandika daftarini:
2.1. Ufa, kigae cha tisa.
Ile taa ilikuwa bado yanitazama.